Kitenzi "Start" cha Kiingereza na Wenziwe wa Kihispania

Mfasiri akutanapo na kitenzi cha Kiingereza "start", aghalabu hakioni kuwa kizito. Kamusi ndogo humpa "empezar" au "comenzar", naye huendelea na kazi yake. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo niliandika "el niño inició a llorar", nikidhani nimesema kwamba mtoto alianza kulia. Mwalimu alikipigia mstari kitenzi kile asinieleze sababu, ikanibidi niitafute mwenyewe.

Sababu ni hii: "iniciar" hutaka jina baada yake, kama vile safari, kesi au mazungumzo; hakifuatwi na "a" pamoja na kitenzi-jina. "Empezar" na "comenzar" hukubali yote mawili, na tofauti baina yao ni ndogo, ila "comenzar" huelekea zaidi lugha ya vitabuni. "Empezar" chatokana na "pieza", yaani kipande. Asili yake ni kukata kipande cha kwanza cha kitu, na hata leo Mhispania husema "ameanza" mkate aukatapo kwa mara ya kwanza. Maana hiyo haiko mbali na kulimbua kwetu.

Lakini matata makubwa yamo katika kilio na kicheko. "Empezó a llorar" ni maneno sahihi, walakini ni baridi. Yaeleza wakati tu. Kilio kimtokapo mtu kwa ghafula, Mhispania husema "se echó a llorar" au "rompió a llorar". "Echar" ni kutupa, na "romper" ni kuvunja. Mswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapa, kwani naye huangua kilio, huangua kicheko, na mbio huzitimua. Kiingereza kisemapo "she started crying" hakimwambii mfasiri ni kilio cha namna gani. Hana budi kurudi kurasa zilizotangulia, ajue kama machozi yalikuja kidogo kidogo au yalimshinda mwenyewe kwa mara moja. Akikosea, amembadili tabia mwanamke yule, na msomaji wa Kihispania hatakuwa na njia ya kulijua jambo hilo.

Kuna pia "ponerse a", mathalan "se puso a trabajar", yaani alishika kazi. Wako wasemao kwamba muundo huu hudai hiari ya mtendaji. Mimi naona ni nusu ya kweli, kwa kuwa "se puso a llover" pia husemwa, na mvua haina hiari.

Kwa mitambo mambo ni mepesi. Injini na gari hutumiwa "arrancar", kitenzi ambacho maana yake nyingine ni kung'oa, kama mtu ang'oavyo magugu. Mtu wa pwani aliyezoea kusikia kwamba chombo kimeng'oa nanga atakishika upesi.

Yabaki maana ya kale, ambayo kamusi ndogo huisahau. Hapo zamani "start" kilikuwa kuruka, na Mwingereza bado hukitumia kwa mtu aliyegutushwa na kishindo. Hapo hapana kuanza hata kidogo. Kihispania chake ni "se sobresaltó". Atakayeandika "empezó" atamwacha msomaji akingoja kujua ni jambo gani lililoanzwa.