Mirathi ya Wahindu Wasioacha Wasia

Katika lugha yetu Mhindi ni mtu wa nchi ya India, awe wa dini yo yote. Bali Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, ambaye watu wa pwani walizoea kumwita Banyani. Tofauti hii ni ya lazima katika jambo la mirathi, kwa maana katika sehemu kubwa ya India Mwislamu hurithi kwa sheria yake, Mkristo kwa yake, na Mhindu kwa yake, ambayo Masingasinga, Wajaini na Wabudha pia wamo ndani yake.

Kwetu mrithi ni yule apataye mali, mwenyewe akiisha kufa. Mtu akishika maana hiyo peke yake hataifahamu desturi ya Wahindu. Wataalamu wao wa sheria, kabla ya kuuliza nani atarithi, huuliza kwanza: mali hii ilikuwa ya nani?

Njia zao za kale ni mbili. Ya kwanza ni Mitakshara, kitabu alichokiandika Vijnaneshvara yapata mwaka 1100, nayo hufuatwa karibu India yote. Ya pili ni Dayabhaga, kitabu cha Jimutavahana, ifuatwayo Bengal na Assam. Jina lake lina maneno mawili ya Kisanskriti: daya, yaani urithi, na bhaga, yaani fungu.

Kwa Mitakshara, mali iliyotoka kwa wazee ni ya ushirika. Mwana wa kiume azaliwapo tu amekwisha kuwa mshirika wa baba yake, na vivyo hivyo mjukuu na kitukuu. Baba ni msimamizi, nao humwita karta, lakini si mwenye mali peke yake. Fungu la kila mmoja halina kiasi maalum: hupungua mtoto azaliwapo, huongezeka mshirika afapo, wala halijulikani mpaka siku ya kugawana. Kwa hiyo zamani baba alipokufa fungu lake halikurithiwa na mtu. Liliwaangukia washirika waliosalia. Mjane alikuwa na haki ya kulishwa na kuvikwa, na binti kutunzwa na kuozwa, lakini katika shamba hawakuhesabiwa.

Kwa Dayabhaga, baba ni mwenye mali yote maadamu yu hai, na haki ya watoto huanza afapo. Hitilafu nyingine yaonekana katika neno sapinda, yaani jamaa walio na pinda moja. Wafuasi wa Mitakshara husema pinda hapa ni mwili, basi mrithi ni yule aliye karibu kwa damu. Wafuasi wa Dayabhaga husema ni tonge la wali litolewalo kwa ajili ya wazee waliokufa, basi mrithi ni yule ambaye sadaka yake yamfaa marehemu. Neno ni moja, nayo mirathi imekuwa miwili.

Sheria ya mwaka 1937 ilimpa mjane fungu kama la mwana, lakini kwa muda wa maisha yake tu. Sheria ya Mirathi ya Wahindu ya mwaka 1956 ilimfanya mwanamke kuwa mwenye mali kamili. Tena iliamuru kwamba mali aliyojichumia mwanamume wagawane sawasawa mama yake, mjane wake, wanawe na binti zake. Na watoto wa aliyetangulia kufa hushirikiana fungu la mzazi wao. Lakini ushirika wa Mitakshara haukuondolewa, na binti hakuingizwa ndani yake.

Tutoe mfano. Mtu amekufa, mama yake na mkewe walikwisha kufa, ameacha wana wawili na binti mmoja, na shamba la ushirika la ekari 9. Kabla ya 1956 kila mwana angalipata ekari 4½, binti hana kitu. Kwa sheria ya 1956 walihesabu kana kwamba baba amegawana na wanawe kabla ya kufa: ekari 3 kwa kila mmoja. Ndipo zile 3 za baba zikagawanywa kwa watoto wote watatu. Hivyo kila mwana alipata 4, na binti 1. Lakini kama shamba lilikuwa la baba mwenyewe, alilolinunua kwa jasho lake, binti alipata 3 kama ndugu zake. Baba ni mmoja, watoto ni wale wale. Lililobadilika ni jibu la swali lile la kwanza.

Andhra Pradesh, Tamil Nadu, Maharashtra na Karnataka zilitangulia kurekebisha jambo hili. Kwa India nzima marekebisho yalikuja tarehe 9 Septemba 2005: binti naye ni mshirika kwa kuzaliwa, na katika mfano wetu kila mtoto apata ekari 3. Mwaka 2020 Mahakama Kuu kabisa ya India iliamua kwamba haki hiyo ni yake hata kama baba alikufa kabla ya siku ile. Ila mgawanyo uliofanywa kwa halali kabla ya tarehe 20 Desemba 2004 hautanguliwi.

Jambo moja lawahusu hasa wahudumu wa Kanisa. Mhindu aliyebatizwa hapotezi urithi wake kwa sababu ya ubatizo. Kizuizi hicho kiliondolewa tangu 1850. Lakini watoto waliozaliwa kwake baada ya kuongoka, na uzao wao, hawawarithi jamaa zao Wahindu, isipokuwa wao wenyewe ni Wahindu wakati urithi ufunguliwapo. Basi mwongofu aweza kumrithi baba yake, na mwanawe asimrithi babu. Mwalimu amwandaaye mtu kwa ubatizo yampasa kumweleza jambo hili wazi, asije akalijua siku ya matanga.

Huku kwetu mambo ni mengine. Mhindu akaaye Kenya huongozwa na Sheria ya Mirathi ya mwaka 1972, iliyoanza kutumika 1981. Lakini shamba lake lililoko India hugawanywa kwa sheria ya India. Kwa hiyo mtu akija kutaka shauri juu ya mali ya baba yake, tusianze kuhesabu watoto. Tuulize kwanza mali iko nchi gani, na kama ilikuwa ya baba peke yake, au ya jamaa wote.