Ujumbe wa Vitisho Kutoka Chini ya Ziwa Nyasa

Katika hadithi za kubuni za kisayansi husimuliwa mara nyingi habari za mvamizi kutoka sayari nyingine ambaye, kabla ya kuishambulia dunia, hutangaza vitisho vyake kwa mawimbi ya redio. Wanasayansi hulinasa tangazo hilo, hulirekodi, kisha hulifasiri. Mvamizi wa namna hiyo humrahisishia mwanasayansi kazi, kwa kuwa hueleza mwenyewe mambo matatu: yeye ni nani, yuko wapi, na atashambulia lini.

Hadi leo hakuna tangazo la vitisho lililowahi kunaswa kutoka anga za juu. Lakini katika wilaya ya Kyela, na katika mwambao wote wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, yako mawimbi mengine yenye vitisho ambayo hunaswa na kurekodiwa kweli. Hayatoki angani, bali chini ya miguu ya wakazi wa huko. Ni mawimbi ya matetemeko ya ardhi. Mawimbi haya hayasemi kwa maneno. Kwa hiyo yale mambo matatu, yaani nani, wapi na lini, sharti binadamu ayatafute mwenyewe kwa vyombo na kwa hesabu. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini swali la tatu limebaki kuwa gumu kuliko mengine.

Mahali ujumbe unapotoka

Mtu asimamaye ufukweni Matema huona upande wake wa mashariki Milima ya Livingstone ikipanda ghafla kutoka majini hadi kimo cha zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukuta huo wa milima ndio ukingo wa mpasuko mkubwa katika gamba la dunia. Upande mmoja wa mpasuko umeinuka, na upande wa pili umedidimia, ukawa bonde lililojaa maji. Uso wa Ziwa Nyasa uko kiasi cha meta 475 juu ya usawa wa bahari, lakini mahali penye kina kirefu kabisa maji hufika takriban meta 700. Maana yake ni kwamba sehemu ya sakafu ya ziwa iko chini kuliko uso wa bahari yenyewe.

Bonde hili ni sehemu ya Bonde la Ufa la Afrika ya Mashariki. Pande zake mbili zinaachana kwa milimeta chache tu kila mwaka. Ukucha wa mkono huota kwa kasi kubwa zaidi. Hata hivyo, miamba haiteleziki kwa ulaini. Huganda penye nyufa, hukaza kama upinde unaovutwa, na nguvu hulimbikizana kwa miaka mingi. Siku miamba inaposhindwa kustahimili, ufa huteleza kwa ghafla, na nguvu iliyolimbikizwa husambaa pande zote kwa njia ya mawimbi. Hilo ndilo tetemeko la ardhi.

Jinsi ujumbe unavyonaswa

Chombo kinachorekodi mawimbi haya huitwa kipimatetemeko, au seismografu. Kanuni yake ni nyepesi, na mwanafunzi aweza kuijaribu darasani. Jiwe zito lifungwe kwenye kamba ndefu na kuning'inizwa katika fremu ya mbao iliyowekwa juu ya meza. Chini ya jiwe ifungwe kalamu inayogusa ukanda wa karatasi. Mwanafunzi mmoja auvute ukanda huo polepole, na mwingine aitikise meza kwa ghafla. Fremu na karatasi vitakwenda pamoja na meza, lakini jiwe litachelewa kufuata, kwa sababu kila kitu kizito hukataa kuanza kwenda ghafla. Tabia hiyo huitwa inesha. Tofauti kati ya mwendo wa karatasi na utulivu wa jiwe ndiyo inayochorwa na kalamu.

Vipimatetemeko vya siku hizi havitumii kalamu wala karatasi. Mwendo mdogo wa tungamo lililomo ndani ya chombo hugeuzwa kuwa umeme, na umeme huo huhifadhiwa kama tarakimu pamoja na saa kamili inayopokelewa kutoka setilaiti. Chombo cha namna hii huhisi mitikisiko midogo mno isiyoweza kuhisiwa na mwili wa binadamu. Ubaya wake ni kwamba husikia kila kitu: lori lipitalo barabarani, upepo utikisao miti, na hata mawimbi ya ziwa yapigayo ufukwe. Ndiyo maana vyombo hivi hufukiwa ardhini, mbali na njia na mashine.

Wapi? Hesabu ya sekunde

Tetemeko hutuma mawimbi ya aina mbili yapitayo ndani ya ardhi. Mawimbi ya kwanza husukuma na kuvuta miamba kuelekea upande yanakokwenda, na kasi yake katika gamba la dunia ni kiasi cha kilometa 6 kwa sekunde. Mawimbi ya pili huitikisa miamba ubavuni, nayo huenda polepole zaidi, kiasi cha kilometa 3.5 kwa sekunde. Yote mawili huondoka pamoja, lakini kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo yale ya pili yanavyozidi kuachwa nyuma. Kwa matetemeko ya karibu, kila sekunde moja ya kuchelewa ni sawa na umbali wa takriban kilometa 8.

Tuseme, kwa mfano, viko vyombo vitatu: kimoja Kyela mjini, cha pili Matema na cha tatu Tukuyu. Tetemeko linatokea, na tofauti ya kufika kwa mawimbi hayo mawili ni sekunde 5 Kyela, sekunde 6 Matema na sekunde 10 Tukuyu. Basi tetemeko lilikuwa umbali wa kilometa 40 hivi kutoka Kyela, kilometa 48 kutoka Matema na kilometa 80 kutoka Tukuyu. Mwanafunzi achukue ramani na bikari, achore duara moja kuzunguka kila kituo kwa umbali huo. Duara la Kyela na lile la Matema yatakatana mahali pawili: upande wa kusini karibu na mji wa Karonga nchini Malawi, na upande wa kaskazini-magharibi si mbali na Tukuyu. Lakini kama tetemeko lingetokea karibu na Tukuyu, chombo cha hapo kisingeonyesha sekunde 10. Kwa hiyo jibu ni Karonga. Ni dhahiri, basi, kwamba kituo kimoja hakitoshi, na hata viwili huacha shaka.

Nani? Kumtambua mtumaji

Si kila mtikisiko hutokana na ufa ulioteleza. Baruti ikilipuka katika machimbo ya mawe, au bomu la nyuklia likilipuliwa chini ya ardhi, vipimatetemeko vya mbali huandika habari hiyo pia. Hata hivyo, mlipuko husukuma miamba pande zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo mawimbi yake ya kwanza huwa na nguvu kuliko ya pili. Ufa uteleza ubavuni, kwa hiyo mawimbi yake ya pili ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwa tofauti hii mataifa hulinda makubaliano ya kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. Katika mtandao wa kimataifa wa ulinzi huo kimo kituo cha vipimatetemeko cha Kilima Mbogo nchini Kenya.

Kaskazini mwa Kyela yuko mtumaji wa tatu anayewezekana, nao ni moto wa volkano. Mlima Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa yapata miaka 4,000 iliyopita, na mlima jirani wa Kyejo ulitoa lava miaka ipatayo 200 tu iliyopita. Uji wa miamba unapopanda ndani ya mlima huipasua miamba kidogo kidogo na kutoa mitetemo midogo midogo mingi, mingine yenye mawimbi ya polepole tofauti na yale ya ufa. Mara nyingi mitetemo hiyo hutangulia mlipuko, kwa hiyo volkano inayosikilizwa yaweza kutoa onyo. Matetemeko ya nyufa hayana desturi hiyo.

Lini? Fundisho la Desemba 2009

Tarehe 6 Desemba 2009 tetemeko lenye ukubwa wa 5.8 liliitikisa Karonga na mwambao wa kaskazini. Siku mbili baadaye likaja jingine la 5.9, na mengine yakafuata. Kwa kawaida tetemeko kubwa hutangulia, na yanayofuata huzidi kupungua. Safari hii haikuwa hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Desemba, wiki mbili baada ya tetemeko la mwanzo, lilikuja lililo kubwa kuliko yote, la ukubwa wa 6.0. Tofauti ya 5.8 na 6.0 huonekana ndogo, lakini kipimo hiki hupanda kwa namna ambayo ongezeko la 0.2 ni sawa na kuongeza nguvu mara mbili hivi. Watu wanne walifariki, wengi walijeruhiwa, na nyumba nyingi zilianguka.

Picha za rada zilizopigwa na setilaiti kabla na baada ya matetemeko hayo zilipolinganishwa, zilionyesha jambo jingine lisilotarajiwa. Ufa uliosogea haukuwa ule mkubwa wa Milima ya Livingstone, ambao ungeshukiwa kwanza. Ulikuwa ufa mdogo, usio na kina kirefu, upande wa pili wa ziwa. Hivyo wanasayansi walikuwa wakimtazama adui mkubwa mlangoni, na mdogo akaingilia dirishani.

Tukio hilo liliharakisha utafiti. Kati ya mwaka 2013 na 2015, wanasayansi wa Tanzania, Malawi na Marekani waliweka makumi ya vipimatetemeko katika nchi kavu pande zote za ziwa kaskazini, na vingine wakavishusha hadi kwenye sakafu ya ziwa lenyewe. Kwa rekodi hizo nyufa zilizojificha chini ya maji na chini ya tabaka nene za mashapo ziliweza kuchorwa vizuri zaidi kuliko zamani.

Lakini hata rekodi hizo hazitaji tarehe. Hakuna mtu wala chombo duniani kiwezacho kutangaza kwamba tetemeko litatokea Kyela siku fulani saa fulani, na mtu akitoa tangazo la namna hiyo haifai kuaminiwa. Kinachowezekana ni kueleza ni nyufa zipi zilizo hai, na ukubwa gani waweza kutarajiwa. Katika hilo kumbukumbu za zamani zina thamani kubwa. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 lilitokea katika eneo la Rukwa, magharibi ya Kyela, nalo ni kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Afrika ya Mashariki katika karne ya ishirini. Kwa hiyo 6.0 si kikomo cha nguvu za Bonde la Ufa.

Ujumbe na nyumba

Ikiwa siku haijulikani, kinga haiwezi kungojea onyo. Sharti iwepo kila siku. Uwanda wa Kyela umejengwa kwa udongo ulioletwa na mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Udongo huo ndio unaostawisha mpunga, lakini ardhi laini iliyoshiba maji hutikisika kwa nguvu kuliko mwamba, na huenda ikalegea kama uji wakati wa tetemeko kubwa. Zamani Wanyakyusa walijenga nyumba za mianzi, ambazo ni nyepesi na hupinda bila kuvunjika. Nyumba ya matofali yaliyounganishwa kwa tope ni nzito na haipindi. Ikitikiswa ubavuni na mawimbi ya pili, pembe zake huachana na kuta huanguka. Huko Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu zaidi ya 15, na nyumba nyingi za matofali zilibomoka.

Haina maana kwamba matofali yaachwe. Mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote chini ya paa huzifunga pamoja kama pete zinavyofunga pipa. Ukuta wa pembe tatu unaobeba paa ufungwe vizuri au uwe mwepesi. Shuleni, wanafunzi wazoee kujikinga chini ya meza imara wakati wa mtikisiko, kisha watoke uwanjani mbali na kuta. Baada ya tetemeko la kwanza, jengo lenye nyufa lisirudiwe mpaka lichunguzwe na fundi. Wale walioingia tena katika nyumba zilizopasuka tarehe 6 Desemba 2009 hawakuwa na njia ya kujua kwamba lililo kubwa zaidi lilikuwa bado wiki mbili mbele.