Zamu ya Kufuata Dawa

Msomaji, ukisikia Homa Bay na Migori pengine unawaza omena na dhahabu ya Macalder. Lakini wenyeji wa huko wana elimu nyingine, ya kuishi na janga, nao waliipata kwa machungu.

Ukimwi ulipoanza kufyeka vijana, wengi walidai ni chira, laana ya kuvunja mila. Akina nyanya wakazika watoto wao, kisha wakaanza upya kulea wajukuu. Mwaka 2001, Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo katika hospitali ya Homa Bay. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta virusi kwa karibu mtu mzima 1 kati ya 5 Homa Bay, na 13 kati ya 100 Migori.

Wanaishije, basi? Baadhi wameunda vikundi. Mmoja huenda kliniki kwa zamu akawachukulia wenzake dawa. Nauli ya wengi ikawa ya mmoja.

Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada iliyogharimia sehemu kubwa ya huduma hizo, hofu ilirudi. Mwenye zamu akiondoka, wenzake hujiuliza: atarudi na dawa za miezi mingapi?