Njia ya Nyuma ya Shamba: Iandikwe Kabla ya Ugomvi

Ugomvi mwingi wa mashamba katika pwani ya Kilifi na Malindi hauanzii kwenye mpaka wa mbele, ule unaotazama barabara. Huanzia nyuma, pale penye kijia chembamba kinachopita kati ya minazi ya mtu mmoja na kuingia katika mihogo ya mwingine. Kijia hicho hakina jina wala kibao. Baba alikipita, na babu pia. Halafu siku moja mwenye ardhi, au mwanawe aliyerudi kutoka Mombasa, asimamisha nguzo na kuvuta seng'enge, na kesho yake alfajiri mgema akuta hana pa kupita.

Mtu wa mjini ataona hilo ni jambo dogo, lakini mkulima anajua si dogo. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu, na akikosa kupanda kwa siku chache tu kazi yake ya majuma hupotea. Nazi hushushwa kila baada ya miezi miwili au mitatu, na mapakacha ya nazi hayarushwi juu ya seng'enge. Kina mama huenda kisimani kwa njia hiyo hiyo. Na siku ya msiba, jeneza haliwezi kungoja mpaka majirani wapatane.

Asili ya shida hii ni ya zamani. Katika pwani yetu, mwenye mti na mwenye ardhi si lazima wawe mtu mmoja. Mtu aliweza kupanda minazi au miembe katika ardhi ya mwingine, na miti ikawa yake, naye akaiuza, akaiweka rehani au akaiacha kwa wanawe. Kisha ikaja Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, ambayo iliwataka watu wa ukanda wa maili kumi walete madai yao ya ardhi ili waandikiwe hati. Wengi hawakuandikwa. Walibaki na miti na vijia, bila ya karatasi yo yote. Baadaye zikaja skimu za makao, kama zile za Gede, Ngerenya na Tezo-Roka, na mashamba yakapimwa kwa mistari iliyonyoka. Lakini mguu wa mtu haufuati mstari wa mpima ardhi. Hufuata kisima, kivuli na mahali pasipo na tope.

Wazee wetu hawakuwa wajinga katika mambo haya. Katika nchi ya Wagiriama, mtu akiuza au kuweka rehani minazi, wazee huitwa washuhudie. Mwanachuoni David Parkin, aliyekaa Kaloleni katika miaka ya 1960, aliandika kitabu kizima juu ya minazi, tembo na mashahidi, nacho kilitoka mwaka 1972. Lakini shahidi hukumbuka lile aliloitiwa. Akiitiwa minazi kumi na minane, atashuhudia minazi kumi na minane. Kama hakuna aliyemwuliza mnunuzi atapitia wapi kuifikia, basi juu ya njia hatakuwa na la kusema.

Siku hizi chanzo kikubwa zaidi ni kugawanya shamba. Tuseme baba ana ekari 12, upana wake mbele mita 200, na wana wanne. Akiligawa kwa kulikata kukingama, wa kwanza apata barabara na wale watatu wa nyuma wapata mashamba mazuri yasiyo na mlango. Maadamu baba yu hai hakuna neno, kwa kuwa wote hupita kwa ndugu yao. Baba akifariki, na yule wa mbele akiuza sehemu yake kwa mgeni, ndipo kazi inapoanza. Akiligawa kwa urefu, kila mmoja hugusa barabara, lakini apata mkanda wa upana wa mita 50, ambao una taabu zake. Njia nzuri ni kuacha ujia wa mita 6 pembeni tangu siku ya kugawa. Kwa shamba la namna hii ujia huo utakula kama robo ekari tu, kwa ndugu wote wanne. Kugawa shamba la kilimo kunahitaji idhini ya Bodi ya Ardhi kwa sheria ya mwaka 1967, na hapana budi mpima ardhi aitwe. Basi mwambieni auchore ujia huo kwenye ramani siku ile ile. Kumwita tena baada ya miaka kumi ni gharama mpya, na pengine wakati huo mtakuwa hamsemezani.

Sasa tuje kwa mwenye ardhi, kwa maana naye ana hofu yake, na hofu hiyo si ya upuuzi. Amesikia ya kuwa ukimwachia mtu apite, mwisho atakunyang'anya njia. Ni kweli kwamba Sheria ya Muda wa Kufungua Mashtaka, katika kifungu cha 32, yasema hivi: mtu akiitumia njia kwa amani na waziwazi, kama haki yake, pasipo kukatizwa kwa miaka 20, haki hiyo huwa yake kamili. Wengi wasikiapo hayo hukimbilia seng'enge. Lakini yatazame maneno yale, "kama haki yake". Anayepita kwa ruhusa yako hapiti kama haki yake, hata akipita miaka arobaini. Kwa hiyo karatasi yenye maneno machache, "Nimemruhusu jirani yangu kupita hapa," hulinda ardhi kuliko nguzo ishirini za mwarobaini, na jirani huendelea kupata maji. Watu wengi hudhani kuandika kunamfaa yule apitaye peke yake. Sisi twaona kunamfaa mwenye ardhi zaidi.

Na kama mmekubaliana ya kuwa njia iwe haki ya kudumu, karatasi ya nyumbani haitoshi. Pelekeni hati ya haki ya kupita kwa Msajili wa Ardhi huko Kilifi iandikwe katika daftari, ili imfunge hata mtu atakayenunua shamba kesho.

Mnunuzi naye ana la kujifunza. Cheti cha ardhi hakisemi yote. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 chasema haki za njia na za maji zilizokuwapo shamba lilipoandikishwa mara ya kwanza huendelea, ingawa hazikuandikwa. Kabla ya kutoa fedha, zunguka nyuma ya shamba kwa miguu, saa kumi na mbili asubuhi. Ukiona majani yamekanyagwa, ukakutana na mgema na watoto wenye madumu ya maji, uliza.

Jambo jingine lizushalo maneno ni upana. Mtu mwenye mzigo wa makuti kichwani atosheka na mita moja, mkokoteni wataka mbili, na gari hutaka zaidi ya tatu. Ugomvi huja pale kijia cha miguu kinapoanza kupitisha pikipiki, kisha tuktuk, kisha lori la mawe ya kujengea. Hapo mwenye shamba ana haki ya kulalamika. Aliyeruhusu miguu hakuruhusu lori.

Tena wako wasemao njia yawapotezea ardhi. Ujia wa upana wa mita 2 na urefu wa mita 200 ni mita 400 za mraba, karibu sehemu moja ya kumi ya ekari. Lakini minazi ipandwayo vizuri hupishana mita 9 kila upande. Ukiupitisha ujia katikati ya mistari miwili, hupotezi hata mnazi mmoja, na wapitao huwa mbali kidogo na nazi zinazoanguka. Hasara huja njia inapokatiza mistari mshazari, au inapoteremka moja kwa moja kwenye mwinuko, kwa kuwa masika mbili tatu zatosha kuigeuza mfereji. Heri izunguke kidogo, hata kama watoto watalalamika.

Katika maandiko yenu, tajeni nambari za mashamba yote mawili, njia inapoanzia na inapoishia, upana wake, nani wa kupita na kwa kitu gani, na nani atafyeka. Msisahau mbuzi. Mbuzi wamevunja ujirani mwingi kuliko binadamu, na yafaa iandikwe ya kuwa watapita wakiwa wamefungwa kamba. Mashahidi wawili wazee na mmoja kijana watie sahihi au dole gumba; kijana tumemtaja kwa sababu ataishi zaidi.

Ikiwa ugomvi umekwisha kuingia, anzeni kwa wazee wa mtaa, kisha baraza la chifu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 159, yakubali njia hizo za upatanisho. Kumbukeni tu ya kuwa chifu hawezi kubadili ramani. Neno likiwa la mpaka wenyewe, ni la Msajili wa Ardhi kwanza, na mahakama haisikilizi kesi ya mpaka ambao bado haujathibitishwa kwa utaratibu wa sheria. Kung'oa jiwe la mpaka ni kosa.

Mwenye shamba lisilo na mlango kabisa aweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, inayokaa Malindi, akaombe amri ya kupita kwa kifungu cha 140 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Mahakama hutazama shamba lilipataje kufungiwa, na pia kama mwombaji alijaribu kupatana na jirani yake. Kwa hiyo barua uliyompelekea kwa adabu, na siku mliyokaa barazani, ni ushahidi. Ziwekeni kumbukumbu zake. Mahakama yaweza pia kuamuru jirani alipwe fidia.

Kesi huchukua muda, na mnazi haungoji. Wakati mnangoja, mwenye ardhi asivunjiwe seng'enge yake, wala asiifunge kabisa. Na liwekwe lango dogo penye kijia cha zamani, lenye kufuli moja na funguo mbili, mmoja wa mwenye ardhi na wa pili wa mgema.