Mashine Moja, Mapafu ya Wengi: Matumizi na Matunzo ya Leza Katika Karakana ya Jamii

Tuchukue mfano wa kijana fundi aliyeletewa ubao wa plastiki nyeupe ili akate herufi za kibao cha duka. Mwenye duka amemwambia kuwa ni akriliki, naye hana sababu ya kutomwamini. Anauweka ubao ndani ya mashine ya leza inayotumiwa na karakana nzima, anafunga mfuniko na kubonyeza kitufe. Dakika chache baadaye koo linamwasha, macho yanamtoka machozi na kifua kinambana. Ubao ule haukuwa akriliki bali PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji. Jioni anafika zahanati akikohoa. Tabibu anapomuuliza alikuwa akifanya kazi gani, anajibu kuwa alikuwa akikata plastiki tu.

Makala haya yanaeleza kwa nini jibu hilo halimtoshi tabibu, na kwa nini tatizo la kijana huyo haliishii kwake peke yake.

Karakana za jamii, ambamo watu wengi hutumia kwa zamu mashine ambazo hakuna mmoja wao angeweza kuzinunua, zimeenea duniani tangu mwanzoni mwa karne hii. Wazo hilo lilipata nguvu katika chuo cha MIT nchini Marekani, ambako Profesa Neil Gershenfeld alianza mwaka 1998 kufundisha somo la kutengeneza karibu kila kitu. Kwa upande wetu, Chuo Kikuu cha Nairobi kina karakana ya aina hiyo. Wakati wa janga la UVIKO-19 mwaka 2020, karakana nyingi ulimwenguni zilitumia leza zao kukatia ngao za uso kwa ajili ya wahudumu wa afya. Ni haki basi nasi tulio katika fani ya afya tuwarudishie mafundi hao fadhila, kwa kuwaeleza namna ya kujikinga.

Mwale usioonekana

Mashine nyingi za karakana hutumia gesi ya kabonidioksidi iliyofungwa ndani ya bomba la kioo. Leza ya aina hiyo ilibuniwa na Kumar Patel katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1964. Mwale wake una urefu wa wimbi wa takriban mikromita 10.6, ambao jicho la binadamu haliwezi kuuona. Nukta nyekundu inayoonekana juu ya ubao ni kielekezi tu, na mwanga mkali unaomulika wakati wa kukata ni ubao wenyewe unaoungua.

Maji huufyonza mwale huu kwa nguvu sana, na mwili wa binadamu umejaa maji. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 madaktari wa upasuaji wameutumia kukata tishu, hasa katika maradhi ya koo. Kwa sababu hiyo hiyo, ukilipiga jicho huunguza konea, yaani utando angavu wa mbele. Mfuniko mzima wa akriliki hutosha kuuzuia. Hatari huanza pale fundi anapoifunga kwa waya swichi ya mfuniko ili aone kazi yake vizuri zaidi. Mashine ndogo za leza ya buluu, ambazo nyingi huuzwa bila mfuniko, zina hatari ya namna nyingine. Mwale wake hupita konea na kufika retina, na jeraha la retina mara nyingi halina marekebisho. Anayezitumia lazima avae miwani iliyotengenezwa mahususi kwa urefu wa wimbi huo.

Moshi ndio adui wa kila siku

Mwale umefungiwa ndani ya sanduku, lakini moshi hutafuta njia ya kutoka. Kila kitu kinachokatwa huacha chembe na gesi zake hewani, na hutofautiana kwa ukali.

PVC haifai kukatwa kwa leza hata mara moja. Hutoa kloridi ya hidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu wa macho, koo na mapafu hugeuka asidi. Gesi hiyo hiyo huila mashine: reli hupata kutu, vioo hufifia. Ngozi za bandia na stika nyingi zimetengenezwa kwa plastiki hii, hivyo jina alilolitaja muuzaji si ushahidi wa kutosha. ABS huyeyuka, na ikiungua inaweza kutoa sianidi ya hidrojeni.

Akriliki hukatika vizuri, lakini harufu yake kali ni ya methili methakrilati, kemikali ambayo mafundi wa meno na madaktari wa mifupa wanaijua, kwani hutumika katika meno ya bandia na saruji ya mifupa. Huwasha njia za hewa na yaweza kuchochea pumu. Mbao za MDF zimegandishwa kwa gundi ambayo mara nyingi ina formaldehidi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka formaldehidi, pamoja na vumbi la mbao, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Vitu hivi hukatwa, ila kwa sharti kwamba moshi unafyonzwa wote.

Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Kinga ya kweli ni feni yenye nguvu na bomba linalotoa moshi nje ya jengo, mbali na madirisha ya jirani na mbali na banda la mama lishe. Palipo na kichujio cha mkaa, ikumbukwe kuwa mkaa hushiba bila kubadilika rangi. Chumba kikianza kunuka, kazi isimame. Mfuniko usifunguliwe mara tu mwale unapozima. Feni iachwe ifanye kazi hadi moshi uishe. Umeme ukikatika katikati ya kazi, feni husimama lakini ubao waweza kuendelea kufuka, hivyo fundi asiondoke hapo.

Kuitunza mashine ni kujitunza

Lenzi iliyoshika masizi hufyonza joto na kudhoofisha mwale. Fundi huona ubao haukatiki, naye hupunguza mwendo. Ubao ambao ungekatika kwa mara moja sasa unababuka, moshi unaongezeka, na masizi mengine yanatua juu ya lenzi. Mzunguko huo ukiachwa huishia kwenye moto. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lenzi na vioo vikaguliwe kila siku ya kazi, mashine ikiwa imezimwa na kupoa, na vipanguswe taratibu kwa karatasi ya lenzi na spiriti ya isopropili, kamwe si kwa pindo la shati. Lenzi nyingi zimetengenezwa kwa seleniamu na zinki. Ikipasuka, vipande na unga wake ni sumu, visishikwe kwa mikono mitupu. Mabaki yaliyodondoka chini ya meza ya kukatia ni kuni zinazosubiri cheche, hivyo yaondolewe kila siku, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kupulizwa. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na mashine isiachwe peke yake inapokata. Sehemu ya umeme wa bomba ina zaidi ya volti 10,000, na chaji yaweza kubaki hata baada ya kuzimwa. Hiyo ni kazi ya fundi aliyefunzwa.

Maji ya kupoozea bomba nayo yana habari yake. Karakana nyingi hutumia ndoo iliyo wazi. Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengue iliyolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, hupenda kutaga katika vyombo vya maji kama hivyo. Ndoo ifunikwe vizuri, na maji yabadilishwe mara kwa mara.

Daftari la pamoja

Ugumu wa chombo cha wengi ni kwamba kila mmoja hudhani mwenzake amekwisha kukisafisha. Vyumba vya upasuaji viliwahi kuwa na tatizo la namna hiyo, na mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha fupi ya ukaguzi inayosomwa kwa sauti kabla ya mgonjwa kupasuliwa. Karakana yaweza kuiga. Kando ya mashine liwekwe daftari ambamo kila mtumiaji ataandika jina, kitu alichokata, muda aliotumia, hali ya lenzi na feni, na hitilafu aliyoiona. Ukutani kuwe na orodha ya vitu vinavyoruhusiwa, na kisichojulikana kisikatwe.

Ajali ikitokea, aliyevuta moshi atolewe kwenye hewa safi. Macho yanayowasha kwa moshi yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Ngozi iliyoungua ipoozwe kwa maji hayo kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta. Anayepumua kwa shida, au ambaye jicho lake limepigwa na mwale, afikishwe hospitali bila kuchelewa, kwani madhara ya mapafu yaweza kujitokeza saa kadhaa baadaye.

Na hapo turudi kwa kijana wetu. Kama karakana yake ingekuwa na daftari na orodha ukutani, yamkini ubao ule usingekatwa kabisa. Na kama ungekatwa, angefika zahanati na jina la kitu alichokivuta, na tabibu angejua la kutazamia usiku ule. Tena, aliyekuja kuitumia mashine asubuhi iliyofuata angesoma daftari, akafungua madirisha na kufuta asidi kwenye reli kabla ya kuiwasha.