Herufi Inayobisha Hodi

Kompyuta ya IBM PC, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1981 ikiwa na prosesa ya megahezi 4.77, iliwasiliana na modemu kwa njia ya mfululizo, yaani biti zilipita mojamoja kwenye waya, na chipu iitwayo 8250 ikazikusanya hadi zikatimia herufi. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, herufi huhitaji biti 10, ikihesabiwa ya kuanzia na ya kumalizia, hivyo hufika moja kila milisekunde moja hivi. Na kwa kuwa chipu hiyo huhifadhi herufi moja tu iliyokamilika, programu ikichelewa kuichukua, inayofuata huifuta. Programu iliyokwenda kuchungulia mlangoni mara kwa mara ilizipoteza herufi pindi iliposhughulika na diski.

Katizo huigeuza kazi hiyo, kwani sasa mgeni ndiye anayebisha hodi. Chipu ya 8250 hupeleka ishara kwa njia ya nambari 4 hadi kwenye chipu ya 8259, ambayo ni bawabu anayepanga maombi kwa daraja, naye humshtua prosesa, ambaye huweka alama mahali alipofikia, kisha hutafuta kwenye jedwali lililo mwanzoni mwa kumbukumbu anwani ya utaratibu wa kumhudumia mgeni huyo. Utaratibu huo, ambao sharti uwe mfupi, huisoma herufi, huitia katika bafa ya duara, yaani safu ya nafasi ambayo ikifika mwisho huanza upya, humwarifu bawabu kuwa kazi imekwisha, na kuondoka.

Taarifa hiyo ya mwisho ikisahauliwa, hutokea kituko: herufi ya kwanza hupokelewa, kisha kimya, saa inatembea na kibodi inaandika, kwa kuwa daraja lao ni la juu, ilhali diski laini, iliyo njia ya 6 yenye daraja la chini, imekwama pamoja na modemu. Wanaprogramu wengine hawakuipata hata herufi ya kwanza, kwa sababu IBM iliipitisha ishara ya katizo kwenye kizuizi kinachofunguliwa na biti ambayo jina lake, OUT2, halidokezi lolote kuhusu makatizo.

Baadaye chipu ya 16550A ilileta foleni ya herufi 16, ikapunguza haraka hiyo, lakini haikumwondolea mwanaprogramu wa mfumo endeshi wa DOS wajibu wa kuirudisha anwani ya zamani kwenye jedwali kabla ya kufunga programu. Asipofanya hivyo na makatizo yakabaki wazi, herufi itakayofika baadaye humrusha prosesa kwenye kumbukumbu ambayo tayari imekabidhiwa programu nyingine.