Kisima cha Nyumbani Katika Ardhi ya Mchanga

Mama wa nyumba aamkaye alfajiri akafungua bomba, akasikia mlio wa hewa badala ya maji, hana haja ya kuelezwa thamani ya kisima. Katika jiji la Dar es Salaam, nchini Tanzania, jambo hilo limewafika watu mara nyingi. Jiji hilo hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka Mto Ruvu, na mto unapopungua, mabomba nayo huwa makavu. Wakati wa ukame wa mwaka 1997 visima vingi vilichimbwa mjini humo, vya serikali na vya watu binafsi. Mgawo wa maji wa mwaka 2022 ukawakumbusha wengi tena kwamba mwenye kisima uani hulala usingizi.

Lakini, ndugu msomaji, kisima si shimo tu. Kikichimbwa vibaya hutoa mchanga, chumvi au maradhi, na gharama yote huwa imepotea bure. Juma hili tutaeleza mambo yampasayo kuyajua mtu ajengaye kisima katika ardhi ya mchanga, kama ile ya pwani ya Afrika Mashariki.

Ghala lisilo na kuta

Mchanga ni ghala jema la maji. Katikati ya chembe zake mna nafasi ndogo ndogo ambazo hujaa maji ya mvua yaliyozama ardhini, nayo hupita humo kwa wepesi. Hiyo ndiyo neema yake, na hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Mchanga hauna nguvu ya kujishikilia, kwa hiyo shimo huporomoka. Tena, kama upitishavyo maji safi, ndivyo upitishavyo maji machafu. Wala haujui mpaka wa kiwanja: maji uyatekayo wewe ndiyo ayatekayo jirani yako.

Namna ya kuchimba

Kisima cha mikono kisichimbwe kamwe bila pete za zege. Pete ya kwanza huwekwa juu ya ardhi, mchimbaji akachimba ndani yake, nayo ikashuka kwa uzito wake. Kisha pete nyingine huongezwa juu. Kwa njia hiyo mchimbaji hukingwa na kuta wakati wote. Chini kabisa humwagwa changarawe ili mchanga usipande pamoja na maji. Na hapana budi kutoa onyo hili: pampu ya petroli isiteremshwe wala kuwashwa ndani ya kisima. Moshi wake hauna njia ya kutokea, nao humuua aliyemo kabla hajapata kuita. Ikiwa mtu ameanguka humo kwa kukosa hewa, asiteremke mwingine kumfuata bila kamba na watu wa kumvuta, wala kabla hewa safi haijaingizwa; wengi wamekufa wawili wawili kwa haraka ya kuokoana.

Kisima cha mtambo ni chembamba, nacho huwekewa bomba la plastiki kutoka juu hadi chini. Sehemu iliyo ndani ya mchanga wenye maji huwa na mipasuo myembamba, nayo ndiyo chujio. Kati ya chujio na ukuta wa shimo humiminwa changarawe safi ya mviringo, ambayo chembe zake ni kubwa mara 4 hadi 6 kuliko chembe za mchanga wenyewe. Fundi asiyeuchunguza mchanga alioutoa shimoni hawezi kuchagua changarawe ifaayo, na kisima chake kitatapika mchanga mpaka pampu iliwe.

Baada ya hapo kisima husafishwa kwa kuyasukuma maji nje na ndani ya chujio, tena na tena, mpaka mchanga laini uishe na maji yatoke maangavu. Mafundi wenye pupa huikatiza kazi hii. Mwenye nyumba na ajaze ndoo nyeupe, ayazungushe maji kwa mkono, kisha ayaache yatulie. Akiona mchanga umekusanyika katikati ya ndoo, kazi haijaisha. Aidha ataka kuona kisima kikipimwa kwa kuvutwa maji kwa saa kadhaa mfululizo, na vipimo viandikwe: maji yalikuwa mita ngapi chini, yalishuka kiasi gani, na yalichukua muda gani kurudi.

Choo na bahari

Adui wa kwanza wa kisima ni choo cha shimo. Kanuni ifuatwayo na wengi ni kuviacha mbali kwa mita 30 au zaidi, na kisima kiwe upande wa juu wa mteremko. Katika viwanja vyetu vidogo si rahisi, hasa kwa kuwa choo cha jirani nacho huhesabiwa. Asiyeweza kupata umbali huo ayahesabu maji yake kuwa ya kufulia na kudekia. Ya kunywa yatiwe dawa au yachemshwe. Sehemu ya juu ya kisima izibwe kwa saruji kando ya bomba, na sakafu ya zege iinuliwe ili maji yaliyomwagika yasirudi ndani.

Adui wa pili ni chumvi. Kwenye pwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari ndani ya mchanga, kwa sababu ni mepesi zaidi. Wataalamu wa Ulaya waligundua zamani, kabla ya mwaka 1902, kwamba kwa kila mita 1 ambayo maji matamu yameinuka juu ya usawa wa bahari, yapo takriban mita 40 chini ya usawa huo. Basi ukiyashusha kwa nusu mita tu kwa kuyavuta kwa nguvu, chumvi yaweza hatimaye kupanda mita 20. Ndiyo maana kuchimba chini zaidi ili kuifuata maji matamu mara nyingi ni kuifuata bahari. Dawa ni kuvuta kidogo kidogo, kujaza tangi usiku na mchana, na kuacha pampu kubwa dukani.

Wakaao kandokando ya Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni matamu, hawana hofu hiyo ya bahari. Lakini habari ya choo yawahusu sawasawa.

Kukitunza

Pampu ya juu ya ardhi haiwezi kunyonya maji yaliyo chini kupita mita 7 hivi. Kisima kirefu chahitaji pampu ya kuzamishwa. Hiyo isitue chini kabisa kwenye mchanga, wala isiachwe ikazunguka pakavu.

Mwenye kisima awe na daftari. Kila mwezi aandike kina cha maji, ladha yake, na muda wa kujaza tangi. Tangi likianza kuchelewa kujaa, chujio limeanza kuziba. Liitiwe fundi mapema. Baada ya matengenezo au mafuriko kisima kitiwe klorini. Kisima cha pete chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 2 kina lita 1,570 hivi. Dawa ya maji ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya sehemu 5 kwa 100, yatosha lita moja na nusu. Yaache saa 12 bila kuyatumia, kisha yavutwe yamwagwe mpaka harufu iishe, na kipimo cha maabara kifuate.

Mwisho, tusisahau sheria. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yahesabu maji kuwa mali ya umma, na bodi za mabonde ndizo zitoazo vibali. Wengine huona hayo kuwa usumbufu. Lakini mtaa wa nyumba mia, kila moja na pampu yake, wote wanyonya kikombe kimoja. Akinywa mmoja kwa pupa, chumvi huwafika wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na maji ya mchangani yakishaingia bahari hupita miaka mingi kabla hayajarudi kuwa matamu.